Dakika ya 21: Siku Kazadi Alipotolewa Golini

Mchezo ulikuwa na dakika 21 tu pale golikipa wa Zaire, Kazadi Mwamba, alipotolewa uwanjani. Hakuwa ameumia. Ilikuwa tarehe 18 Juni 1974, kwenye uwanja wa Parkstadion mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, na Yugoslavia ilikwisha kufunga mara tatu: Dušan Bajević dakika ya 8, Dragan Džajić dakika ya 14, Ivica Šurjak dakika ya 18. Badala yake akaingia Tubilandu Dimbi, mtu mfupi wa kimo kwa kazi ile, naye hakupewa hata muda wa kupanga ukuta wa mabeki wake akatulia. Dakika ya 22 Josip Katalinski alifunga la nne. Mpira wa kwanza ambao Tubilandu aliugusa katika Kombe la Dunia ulikuwa ule aliouokota wavuni.

Mambo yaliishia 9-0. Kabla ya siku hiyo, ni Korea Kusini peke yake iliyowahi kufungwa kwa tofauti kubwa kiasi hicho kwenye Kombe la Dunia, pale Hungary ilipoitandika 9-0 mwaka 1954. Hungary hiyohiyo ilikuja kuipiga El Salvador 10-1 mwaka 1982. Hadi hapo orodha imekwisha.

Kwa mtu wa Lubumbashi, habari hii haikutokea mbali, Ulaya huko. Kazadi alikuwa golikipa wa Mazembe, klabu ya mji huu. Mwepu Ilunga, beki ambaye siku nne baadaye angechekwa na dunia nzima, alikuwa wa Mazembe. Bwanga Tshimen, mhimili wa ulinzi na mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973, naye pia wa Mazembe. Ukitaka kuelewa kwa nini wazee wa mji huu wakitajiwa Gelsenkirchen hawaanzi kuzungumzia washambuliaji bali benchi, sharti uanzie Kamalondo, makao ya Mazembe.

Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri wa shirika la Wabenediktini, ikaitwa Saint-Georges, baadaye ikabeba jina la kampuni ya matairi ya Englebert. Mwaka 1966 ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo, ndipo ikajiongezea sifa ya Tout Puissant, na sifa hiyo haikuwa majigambo matupu. Kuanzia 1967 hadi 1970 ilifika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Afrika miaka minne mfululizo. Ya kwanza iliipata baada ya Asante Kotoko ya Ghana, iliyotoka nayo sare mara mbili, kutotokea kwenye mchezo wa marudio. Ya pili iliifunga Étoile Filante ya Lomé. Ya tatu na ya nne ilipoteza, kwa Ismaily ya Misri na kwa Kotoko waliokuja kulipiza. Katikati ya miaka hiyo, Januari 1968, timu ya taifa ilitwaa Kombe la Afrika mjini Addis Ababa kwa kuifunga Ghana 1-0, goli la Kalala Pierre wa Englebert, na nyuma yake kati ya milingoti miwili alisimama Kazadi.

Basi mtu aliyetolewa dakika ya 21 hakuwa kijana aliyeokotwa njiani. Alikuwa na miaka mingi ya fainali mwilini mwake. Miezi mitatu tu kabla, Machi 1974 mjini Cairo, Leopards, yaani timu ya taifa, walikuwa wametwaa Kombe la Afrika kwa mara ya pili, wakiishinda Zambia 2-0 katika mchezo wa marudio baada ya sare ya 2-2. Katika mashindano hayo Ndaye Mulamba wa Vita Club alifunga magoli tisa, na hakuna aliyevuka idadi hiyo katika mashindano mamoja mpaka leo. Na Desemba 1973 waliifunga Morocco 3-0 Kinshasa, wakawa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kwenda Kombe la Dunia. Rais Mobutu aliwazawadia nyumba na magari.

Halafu wakaenda Ujerumani, na feza zikaanza kupotea.

Mchezo wa kwanza, dhidi ya Uskoti mjini Dortmund tarehe 14 Juni, uliisha 2-0. Peter Lorimer na Joe Jordan walifunga, na goli la Jordan, la kichwa, Kazadi alipaswa kulizuia. Hilo hata watu wake hulikubali. Lakini baada ya hapo aliokoa mengi, na Waskoti wenyewe walitoka uwanjani bila furaha kubwa. Kufungwa mbili na timu yenye Billy Bremner na Denis Law, kwa nchi iliyokuwa inaonja Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, hakukuwa aibu. Aibu ilipikwa hotelini. Wachezaji waligundua kwamba malipo waliyoahidiwa hayapo, kwamba maofisa walioongozana nao walikuwa wameyapitisha mifukoni mwao. Mwepu Ilunga alikuja kusimulia miaka mingi baadaye kwamba walifikia hatua ya kukataa kabisa kucheza na Yugoslavia. Walishawishiwa, wakaingia uwanjani, ila miguu tu ndiyo iliyoingia.

Katika hali hiyo ndipo uamuzi wa dakika ya 21 ulipoangukia. Goli la nne lilipoingia, wachezaji wa Zaire walimzunguka mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia, wakilalamika. Katika msukosuko huo mtu alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mtu huyo alikuwa Mwepu, na mwenyewe alikiri baadaye. Delgado alimtoa Ndaye Mulamba. Ndaye alijitetea, wenzake wakamtetea, Mwepu mwenyewe akajitaja, lakini kadi ilikuwa imekwisha kutoka. Hesabu yake ni fupi: dakika ya 21 timu ilimpoteza golikipa wake wa kwanza, dakika ya 22 ikampoteza mfungaji bora wa Afrika, na palikuwa pamebaki dakika 68 za kucheza watu kumi. Bajević aliongeza la tano, Vladislav Bogićević la sita kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili Branko Oblak, Ilija Petković na Bajević tena.

Nani aliamua kumtoa Kazadi? Karatasi inasema kocha, Blagoje Vidinić. Na hapa ndipo shaka ilipopata chakula, kwa kuwa Vidinić alikuwa Myugoslavia. Mara tu baada ya mchezo walikuwepo waliosema ameiuza timu kwa ndugu zake. Shutuma hiyo haina uthibitisho, na ukiitazama kwa utulivu haina akili pia. Yugoslavia ilikuwa na mmoja wa washambuliaji bora wa pembeni duniani, Džajić, mbele ya wapinzani waliochoka moyo. Haikuhitaji msaada wa mtu aliyeketi benchi la upande wa pili. Zaidi ya hapo, Vidinić mwenyewe alikuwa golikipa. Alikuwemo katika timu ya Yugoslavia iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960. Aliipeleka Morocco Kombe la Dunia la 1970. Mtu wa namna hiyo anajua, kuliko yeyote uwanjani, kwamba golikipa anayeingia baridi katikati ya kipigo anatolewa kafara.

Vidinić alieleza baadaye kwamba amri haikuwa yake. Kwa maelezo yake, mjumbe wa wizara ya michezo aliyeketi karibu na benchi alimwamuru, baada ya goli la tatu, amtoe golikipa. Akatii, akajuta. Maelezo ya kocha anayejitetea lazima yapokelewe kwa uangalifu, lakini haya yanalingana na kila kitu kingine kinachojulikana kuhusu safari ile: timu iliyojaa maofisa, mkuu wa nchi aliyeifanya kuwa bendera yake, na watu waliohofia zaidi simu kutoka Kinshasa kuliko mpira unaokuja golini. Mjumbe wa wizara anapoona magoli matatu katika dakika 18, anataka aonekane amefanya jambo. Kubadilisha golikipa ndilo jambo linaloonekana kuliko yote. Kurekebisha nafasi kati ya mabeki wa kati na viungo hakuonekani kwenye televisheni.

Upo ushahidi mwingine, na huo haumtegemei Vidinić. Tarehe 22 Juni, siku nne tu baadaye, Zaire ilicheza na Brazil, na golini alisimama nani? Kazadi Mwamba. Ikiwa alikuwa mbovu kiasi cha kutolewa kabla ya nusu saa, kwa nini alirudishwa mbele ya mabingwa wa dunia? Na ikiwa hakuwa mbovu, kwa nini alitolewa? Hakuna jibu la kiufundi linaloweza kubeba mambo hayo mawili kwa pamoja. Tena sheria za wakati huo ziliruhusu wachezaji wawili tu kubadilishwa. Nusu ya akiba yote ya mchezo ilitumika kabla ya dakika ya 22, mahali ambapo haikuziba tundu lolote.

Kazadi alitoka Mazembe. Tubilandu alitoka Vita Club ya Kinshasa. Yeyote anayejua uhasama wa klabu hizo mbili anaweza kukisia jinsi badiliko hilo lilivyosikika katika baa za Kamalondo, chupa za bia ya Simba zikiwa mezani. Hata hivyo, haki itendeke kwa mtu wa Vita. Kazadi alifungwa matatu katika dakika 21, sawa na goli moja kila dakika saba. Tubilandu alifungwa sita katika dakika 69, moja kila dakika kumi na moja na nusu, na karibu muda wote huo mbele yake palikuwa na watu kumi. Kwa tarakimu tupu, aliyeingia alifanya vizuri kuliko aliyetoka. Wanaomtaja Tubilandu kama chanzo cha kipigo wanamwonea, na kosa la benchi halikuwa kumwamini yeye. Kosa lilikuwa kudhani ugonjwa uko golini.

Kuna mchezo mmoja ambao umejenga elimu nzima juu ya swali hili la nani atolewe na lini, ingawa huku kwetu hauchezwi sana. Ni besiboli ya Wamarekani. Mle, mrusha mpira ndiye golikipa na mshambuliaji kwa wakati mmoja, na pembeni mwa uwanja kuna ua ambako warushaji wa akiba hupasha misuli moto wakisubiri kuitwa. Anayetolewa harudi tena. Kwa hiyo kila kocha hupimwa kwa jambo moja: alimtoa lini, na alimwingiza nani. Mashabiki wa Boston wanaikumbuka tarehe 16 Oktoba 2003 kama sisi tunavyoikumbuka Gelsenkirchen. Timu yao, Red Sox, ilikuwa inaongoza 5-2 jijini New York katika mchezo wa saba wa nusu fainali. Mrushaji wao Pedro Martínez alionekana kuchoka. Kocha Grady Little alimwendea, wakaongea, akamwacha aendelee. Yankees wakasawazisha, na katika awamu ya 11 Aaron Boone akaupiga mpira ukavuka ukuta. Little hakupewa mkataba mwingine.

Miaka 17 baadaye kosa lilikuja likiwa limegeuzwa. Oktoba 2020, katika mchezo wa sita wa fainali, Blake Snell wa Tampa Bay alikuwa amewazima Dodgers kabisa, timu yake ikiongoza 1-0, naye alikuwa amerusha mipira 73 tu. Kocha Kevin Cash alimtoa, kwa kuwa hesabu za ofisi yake zilionyesha kwamba wapigaji wakimwona mrushaji kwa mara ya tatu humzoea. Aliyeingia, Nick Anderson, aliruhusu Dodgers wageuze matokeo katika awamu hiyohiyo, wakashinda 3-1 na kuchukua ubingwa. Little alifuata moyo, Cash alifuata karatasi, wote wawili wakaangukia pua. Lakini wote wawili walikuwa waamuzi wa kweli. Walisimama mbele ya waandishi wakaeleza walichofikiri. Hakuna waziri aliyewanong'oneza.

Katika kabumbu, mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Louis van Gaal. Tarehe 5 Julai 2014, robo fainali dhidi ya Costa Rica, Uholanzi ilibakiwa na badiliko moja na sekunde chache kabla ya penalti. Van Gaal alimtoa Jasper Cillessen akamwingiza Tim Krul, mrefu zaidi. Krul alikuwa ameandaliwa kimyakimya kwa kazi hiyo. Cillessen hakuambiwa, na akatoka akiipiga teke chupa ya maji kwa hasira. Krul alipangua mbili, Uholanzi ikapita. Ni badiliko lile lile la Gelsenkirchen, ila lilifikiriwa siku nyingi kabla na mtu ambaye kazi yake ni kufikiri hayo.

Na sasa tuna letu. Tarehe 16 Novemba 2025, mjini Rabat, Leopards wa Kongo, Zaire ya zamani, walikutana na Nigeria kugombea tiketi ya Afrika ya kuingia mchujo wa mabara wa Kombe la Dunia 2026. Frank Onyeka aliwafungia Nigeria mapema kabisa, Meschack Elia akasawazisha, na mchezo ukasogea hadi mwisho wa muda wa nyongeza ukiwa 1-1. Penalti zikiwa zinanukia, kocha Sébastien Desabre alimtoa Lionel Mpasi. Msomaji akumbuke Mpasi ni nani: ni yule golikipa aliyepiga mwenyewe penalti ya mwisho iliyoiondoa Misri kwenye Kombe la Afrika, Januari 2024. Kumtoa mtu wa namna hiyo dakika chache kabla ya penalti kulihitaji kifua. Aliingia Timothy Fayulu. Nigeria walikosa penalti tatu, ya mwisho ya Semi Ajayi ikiokolewa na Fayulu, kisha nahodha Chancel Mbemba akaweka ya ushindi, 4-3.

Huenda kama Fayulu angeruka upande usio wake, Desabre leo angekuwa anatajwa sambamba na mjumbe wa wizara wa mwaka 1974. Mpira una dhuluma hiyo. Ila mambo mawili yangebaki tofauti: Mpasi alitolewa akiwa hana deni, na aliyemtoa alikuwa na jina, na angelijibia.

Somo hili halijafika kila mahali. Komini ya Annexe imeizunguka Lubumbashi pande zote, ikizikumbatia komini nyingine sita za mji, na katika maeneo yake kama Kasapa na Kalebuka kabumbu huchezwa kwenye udongo mwekundu, magoli yakiwa miti miwili au mawe mawili. Huko golini husimamishwa aliyechelewa kufika, au aliye mnene, au mdogo wa yule mwenye mpira. Akifungwa mawili, kelele zinaanza kutoka pembeni, na mara nyingi mwenye sauti kubwa kuliko wote ndiye anayeamua atoke. Robert Kidiaba, aliyekuwa golikipa wa Mazembe, alibadilisha mawazo kidogo. Tangu mwaka 2010, Mazembe ilipoishinda Internacional ya Brazil 2-0 na kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu, watoto wengi walitaka kuwa golikipa ili tu waruke kwa makalio kama yeye. Hata hivyo kumfundisha golikipa kusahau goli lililopita ni kazi ya kocha mtulivu, na makocha wa magolikipa ni wachache hata katika klabu zenye feza.

Inabaki mechi ya Brazil ya mwaka 1974. Mwepu Ilunga alisimulia kwamba kabla yake walinzi wa Mobutu walifika hotelini, wakafukuza waandishi, wakaweka sharti: mkifungwa zaidi ya matatu, hakuna atakayerudi nyumbani. Brazil, kwa upande wake, ilihitaji ushindi wa magoli matatu ili ipite mbele ya Uskoti. Jairzinho alifunga moja, Rivelino la pili. Mwishoni Brazil walipata mpira wa adhabu, na kabla hawajaupiga Mwepu akachomoka kwenye ukuta akaubutua mbali. Mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania alimpa kadi ya njano. Watangazaji wa Ulaya walicheka, wakasema Waafrika hawajui sheria. Mwepu, aliyekuwa bingwa wa Afrika miezi mitatu tu kabla, alieleza hadi uzeeni kwamba sheria alizijua vizuri sana. Alifanya vile kwa makusudi, kwa hasira ya kuwachezea watu waliokula malipo yake, na alitaraji atolewe nje. Alifariki Mei 2015, na teke lile bado linazungushwa kwenye video za vichekesho. Hakuna anayezungusha video ya benchi la Gelsenkirchen.

Goli la tatu, dakika ya 79, lilikuwa shuti dhaifu la Valdomiro kutoka pembeni, na lilipita chini ya mwili wa Kazadi. Lilikuwa ndilo goli hasa ambalo Brazil ililihitaji, na ndilo la mwisho ambalo sharti la hotelini liliruhusu. Uskoti ilirudi nyumbani bila kufungwa mchezo hata mmoja, ikiwa imezidiwa na Brazil kwa goli moja tu la tofauti. Zaire ilirudi na magoli 14 wavuni, manane ya Kazadi na sita ya Tubilandu, bila kufunga hata moja. Na Ndaye Mulamba, aliyefunga tisa Misri, aliutazama mchezo huo wa Brazil akiwa amefungiwa kwa teke ambalo hakulipiga.